Vitambulishi vya Kudumu vya Maunzi na Usalama katika Mitandao ya Hifadhi ya Data

Ikisiri

Mitandao mingi ya hifadhi ya data huruhusu au huzuia seva kuzifikia diski kwa kutazama jina la kudumu ambalo kila kifaa hupewa kiwandani. Makala hii inafafanua namna jina hilo linavyoundwa, linavyotumika katika kugawa kanda na kuficha diski, na kwa nini halitoshi kuwa kinga. Hoja kuu ni kwamba kudumu kwa jina ni sifa ya utambulishaji, wala si sifa ya uthibitishaji. Mfumo unaochanganya mambo hayo mawili humfungulia mlango yeyote anayelijua jina la mwenzake. Mwishoni makala inapendekeza hatua ambazo taasisi zinaweza kuzichukua kwa vifaa ambavyo nyingi kati yao tayari zinavyo.

1.0 Utangulizi

Taasisi ikiwa ndogo, kila seva huhifadhi data katika diski zilizomo ndani yake. Taasisi inapokua, utaratibu huo huleta hasara: seva moja hujaa ilhali nyingine ina nafasi tele, na seva ikiharibika data yake hukwama pamoja nayo. Ndiyo sababu benki, hospitali kubwa, kampuni za simu na idara za serikali huziondoa diski ndani ya seva, huzikusanya katika mtambo mmoja wa hifadhi, kisha huunganisha seva zote na mtambo huo kwa mtandao maalumu. Mtandao huo huitwa mtandao wa hifadhi, na mafundi huufupisha kwa herufi SAN. Itifaki iliyoitawala mitandao hiyo kwa muda mrefu ni Faiba Chaneli, ambayo maandalizi yake yalianza mwaka 1988 na kuidhinishwa kuwa kiwango na taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, mwaka 1994.

Mkusanyiko huo hupunguza gharama na kurahisisha uchukuaji wa nakala rudufu. Hata hivyo, huzua swali ambalo halikuwapo hapo awali. Seva hamsini zikiwa zimeunganishwa na mtambo mmoja, mtambo utajuaje ni seva ipi inayoomba diski ipi? Seva ya tovuti ya hospitali haipaswi kuziona diski zenye majalada ya wagonjwa. Wala si suala la usiri peke yake. Seva mbili zisizo na utaratibu wa kushirikiana zikiandika katika diski moja kwa wakati mmoja, kila moja hufuta mpangilio wa faili wa mwenziwe, na data huharibika bila hata kuwapo adui.

Katika mitandao mingi ya Faiba Chaneli, jibu la swali hilo ni jina. Kila poti ina jina lake la kudumu, na mtandao huamua kwa kulitazama jina hilo. Makala hii inachunguza jibu hilo linafaa kwa kiasi gani na linaishia wapi.

2.0 Dhana ya Kitambulishi cha Kudumu

Kitambulishi cha kudumu cha maunzi ni namba ambayo kifaa hupewa kiwandani, na ambayo haitegemei kifaa kimewekwa wapi, kimewashwa lini au kinatumiwa na nani. Mfano unaojulikana na wengi ni IMEI, namba ya tarakimu 15 inayotambulisha simu ya mkononi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia nchini, ilitumia namba hiyo kutenganisha simu halali na zisizo halali. Wengi walijifunza siku hizo kwamba simu ina jina lake lenyewe, tofauti na namba ya laini iliyomo ndani yake.

Umuhimu wa kudumu huku huonekana zaidi pale unapokosekana. Katika mfumo endeshi wa Linux, diski hupewa majina mafupi kama sda na sdb kwa kufuata mpangilio wa kugunduliwa kwake mashine inapowaka. Diski iliyoitwa sda leo yaweza kuitwa sdb kesho, baada ya kifaa kimoja tu kuongezwa. Msimamizi anayeandika amri ya kusafisha sdb akitegemea jina la jana anaweza kufuta diski isiyo yake. Vilevile, seva muhimu huunganishwa na mtambo wa hifadhi kwa njia mbili ili moja ikikatika nyingine iendelee. Kwa hiyo seva huiona diski moja mara mbili. Bila kitambulishi cha kudumu, seva haiwezi kujua kwamba hizo mbili ni diski ileile.

Katika Faiba Chaneli, kitambulishi hicho huitwa WWN. Ni namba ya biti 64, yaani baiti 8, na huandikwa kwa tarakimu 16 za heksadesimali zilizopangwa mbilimbili. Tuchukue mfano wa jina 10:00:00:00:c9:12:34:56. Tarakimu ya kwanza, 1, inaeleza aina ya muundo wa jina, na tarakimu tatu zinazofuata ni sifuri kwa mujibu wa muundo huo. Sehemu ya 00:00:c9 ni namba ya biti 24 ambayo taasisi ya kimataifa ya wahandisi, IEEE, iliisajili kwa Emulex, mtengenezaji wa kadi za mitandao ya hifadhi. Sehemu ya mwisho, 12:34:56, ndiyo ambayo mtengenezaji hukipa kifaa kimoja tu. Biti hizo 24 za mwisho humwezesha kutoa majina 16,777,216 chini ya namba moja ya usajili. Ipo miundo mingine, ambayo majina yake huanza kwa 2 au 5, lakini kanuni ni ileile: IEEE huhakikisha kwamba hakuna watengenezaji wawili wenye namba moja, na mtengenezaji huhakikisha kwamba hakuna vifaa vyake viwili vyenye jina moja.

Kifaa kimoja huweza kuwa na majina ya namna mbili: jina la kifaa kizima, liitwalo WWNN, na jina la kila poti yake, liitwalo WWPN. Katika masuala ya usalama, jina la poti ndilo linalotumika zaidi, na ndilo linalokusudiwa katika makala hii kila inapotajwa WWN.

3.0 Jina Linavyotumika Kudhibiti Ufikiaji

Seva inapowaka, kadi yake hupeleka kwa swichi ombi la kuingia mtandaoni, na ndani ya ombi hilo hutaja jina lake. Swichi hujibu kwa kuipa poti hiyo anwani ya biti 24, inayoonesha namba ya swichi, eneo na poti. Kisha seva hujiandikisha katika daftari la majina linalotunzwa na swichi, na huliuliza ni mitambo ipi ya hifadhi iliyopo. Ikishaijua anwani ya mtambo, huuendea na kujitambulisha kwake kwa jina lilelile. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba jina hutajwa wakati wa kujitambulisha tu. Fremu za data zinazosafirishwa baadaye hubeba anwani, hazibebi jina.

Juu ya msingi huo hujengwa vizuizi viwili. Cha kwanza ni ugawaji wa kanda, unaofanyika katika swichi. Msimamizi huorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa kuonana, na vifaa visivyomo katika kanda moja havionani. Cha pili ni ufichaji wa diski, unaofanyika katika mtambo wa hifadhi. Mtambo una jedwali linaloonesha kila jina la WWN linaruhusiwa kuziona diski zipi. Seva isiyotajwa katika jedwali huambiwa kwamba hakuna diski yoyote.

Ugawaji wa kanda unahitaji ufafanuzi zaidi kwa sababu tofauti mbili ndani yake huchanganywa mara kwa mara, hata na watu wa fani. Tofauti ya kwanza inahusu namna mwanakanda anavyotajwa: kwa jina lake la WWN, au kwa namba ya poti ya swichi alipochomekwa. Tofauti ya pili inahusu namna kanda inavyosimamiwa. Katika usimamizi laini, swichi hunyamaza tu, yaani daftari la majina halimtajii muulizaji vifaa visivyo vya kanda yake. Muulizaji anayeijua anwani kwa njia nyingine anaweza kuiendea bila kuzuiwa. Katika usimamizi mgumu, maunzi ya swichi hukagua kila fremu na kuitupa ile isiyoruhusiwa.

Aghalabu hudhaniwa kwamba usimamizi mgumu unaondoa hatari ya kughushi jina. Dhana hiyo si sahihi. Swichi inayokagua kila fremu huikagua kwa anwani, na anwani hiyo ilitolewa kwa kuamini jina lililotajwa wakati wa kuingia. Kama jina lilikuwa la uongo, maunzi yataulinda uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

4.0 Utambulishaji na Uthibitishaji

Mgeni anapobisha hodi, mwenyeji huuliza, "Nani?" Mgeni hutaja jina. Hata hivyo, mlango haufunguliwi kwa sababu jina limetajwa. Unafunguliwa kwa sababu mwenyeji ameitambua sauti. Jina humwambia mwenyeji amtarajie nani, na sauti humhakikishia kwamba aliye nje ni huyo aliyetajwa. Ikiwa ni usiku wa manane na sauti haitambuliki, mwenyeji mwangalifu huuliza swali la pili, ambalo jibu lake linajulikana na jamaa wa nyumba hiyo tu.

Kutaja jina ni utambulishaji. Kuitambua sauti, au kulijibu swali la pili, ni uthibitishaji. Kuamua mgeni aishie barazani au aingie hadi ndani ni uidhinishaji. Mtandao wa hifadhi unaotegemea WWN peke yake una hatua ya kwanza na ya tatu, lakini hauna ya pili. Kanda na jedwali la kuficha diski ni uidhinishaji unaojengwa moja kwa moja juu ya jina lililotajwa.

Ulinganisho na itifaki nyingine unalidhihirisha jambo hili. Itifaki ya iSCSI, iliyochapishwa kama RFC 3720 mwaka 2004, husafirisha maagizo ya diski juu ya mtandao wa kawaida wa intaneti. Seva hujitambulisha kwa jina liitwalo IQN, ambalo ni maandishi tu katika faili la mipangilio na linaweza kuhaririwa kwa dakika moja. Kwa kuwa udhaifu wa jina hilo ulikuwa wazi kwa kila mtu, kiwango kilitaka kila mfumo wa iSCSI uwe na uwezo wa kutumia CHAP, utaratibu wa uthibitishaji unaotegemea siri ya pamoja, ingawa kuutumia kuliachwa kwa hiari ya mwenye mtandao. Faiba Chaneli, kinyume chake, ilikuwa na jina lililotoka kiwandani, na sura hiyo ya uthabiti iliwafanya wengi wasione haja ya kuuliza swali la pili.

5.0 Udhaifu wa Jina Kama Kinga

5.1 Jina hubadilishwa

Ingawa WWN hutolewa kiwandani, kadi nyingi huruhusu jina lake libadilishwe kwa programu za mtengenezaji mwenyewe. Uwezo huo uliwekwa kwa sababu njema. Kadi ikiungua na kuwekwa nyingine, jina jipya halitambuliwi na kanda wala na mtambo wa hifadhi, na seva hubaki bila diski hadi mipangilio yote irekebishwe. Kuipa kadi mpya jina la zamani huokoa saa kadhaa.

Teknolojia ya mashine pepe ilikwenda mbali zaidi. Utaratibu uitwao NPIV huruhusu poti moja ya kadi kuingia mtandaoni mara nyingi, kila mara kwa jina tofauti, ili kila mashine pepe iwe na jina lake. Katika Linux, msimamizi mwenye mamlaka kamili huandika majina mawili katika faili moja la mfumo, na poti mpya huzaliwa. Vilevile, katika mifumo kama Cisco UCS, majina hutolewa kutoka katika orodha inayotunzwa na programu, na huihama seva moja kwenda nyingine pamoja na kazi zake. Majina hayo hayana tena uhusiano na chuma. Tunaendelea kuyaita vitambulishi vya maunzi kwa mazoea, ilhali sasa ni thamani zinazoandikwa na programu.

5.2 Jina hujulikana

Siri inayoweza kuwa kinga ni ile isiyofahamika. WWN haikukusudiwa kuwa siri. Huchapishwa katika kibandiko cha kadi, huonekana katika daftari la majina la swichi, huandikwa katika kumbukumbu za mfumo na katika michoro ya mtandao inayotumwa kwa baruapepe. Isitoshe, kadi zilizonunuliwa kwa pamoja mara nyingi huwa na majina yanayokaribiana, hivyo anayeijua moja anaweza kukisia nyingine.

Matokeo yake ni kwamba mshambulizi aliyeiteka seva moja dhaifu iliyomo katika mtandao wa hifadhi, tuseme seva ya tovuti, anaweza kujitambulisha kwa jina la seva ya hifadhidata. Hapo hatari inavuka mipaka ya seva iliyotekwa. Suala hili si geni: Himanshu Dwivedi alilieleza kwa kina katika kitabu chake cha usalama wa hifadhi kilichochapishwa mwaka 2005.

5.3 Jina humwishia mwenyewe nyuma

Kudumu kwenyewe kuna upande wake wa pili. Seva ikistaafishwa, jina lake mara nyingi husalia katika kanda na katika jedwali la mtambo kwa sababu hakuna anayethubutu kufuta asichokijua. Kadi ikiuzwa kwa mnunuzi wa mitumba, huondoka na jina lile. Jina linalosalia katika orodha bila mwenyewe ni ruhusa isiyo na msimamizi, na yeyote anayelitwaa hagongani na mtu, kwa kuwa mwenye jina hayupo mtandaoni kulalamika.

5.4 Usimbaji wa diski hauzibi pengo

Taasisi nyingi hununua mitambo inayosimba data yenyewe kabla ya kuiandika, na huamini kwamba zimelindwa. Usimbaji huo hulinda diski iliyoibwa au kutupwa. Haulindi dhidi ya jina la kughushi, kwa sababu mtambo husimbua data kwa ajili ya yeyote unayeamini kwamba ni seva halali. Usimbaji unaofanywa na seva, kwa funguo ambazo mtambo hauzijui, hulinda usiri wa data hata hapo. Lakini nao hauzuii mshambulizi kuifuta au kuiandika juu. Kwa hospitali ambayo majalada yake yamefutwa, kwamba hayakusomwa ni faraja ndogo.

6.0 Hatua Zinazopendekezwa

Yapo maoni kwamba hatari hii ni ya nadharia, kwa kuwa mtandao wa Faiba Chaneli umefungiwa katika chumba cha seva na haufikiki kutoka nje. Hoja hiyo ina ukweli wake: mshambulizi anahitaji kwanza ama kuingia chumbani au kuiteka seva mojawapo. Lakini kila seva iliyomo chumbani ina mguu mmoja katika mtandao wa hifadhi na mwingine katika mtandao wa kawaida. Hivyo chumba kinaweza kufungwa na mlango ukabaki wazi. Miongozo ya kimataifa, ikiwamo ISO/IEC 27040 ya mwaka 2015 na NIST SP 800-209 ya mwaka 2020, inaichukulia hifadhi kama eneo linalohitaji udhibiti wake lenyewe, lisilopaswa kuegemea kuta za jengo.

Kwanza, kanda ziwe finyu. Kila kanda iwe na poti moja ya seva na poti za hifadhi inazozihitaji, na kifaa kisichopangiwa kanda kisionane na chochote. Kanda isimamiwe kwa namna ngumu.

Pili, jina lifungwe na mahali. Swichi nyingi zina uwezo wa kulihusisha jina la WWN na poti ambapo linaruhusiwa kutokea, kiasi kwamba jina la seva ya hifadhidata likitajwa katika poti ya seva ya tovuti hukataliwa. Hatua hii haihitaji kifaa kipya, na huzuia sehemu kubwa ya mashambulizi yaliyoelezwa hapo juu. Gharama yake ni kwamba fundi akihamisha waya lazima ahamishe na kanuni.

Tatu, swali la pili liulizwe. Kamati ya T11, inayotunza viwango vya Faiba Chaneli, ilitoa kiwango cha usalama FC-SP mwaka 2007 na toleo lake la pili mwaka 2012. Ndani yake umo utaratibu wa DH-CHAP, ambao swichi hutoa swali linalobadilika kila mara na kifaa hujibu kwa kutumia siri isiyosafirishwa mtandaoni. Anayelijua jina peke yake hawezi kujibu. Taasisi zinapoandaa zabuni za kadi na swichi, zitaje hitaji hili kwa maandishi, kwani uwezo usioulizwa wakati wa kununua ni nadra kupatikana wakati wa kuhitajiwa.

Nne, orodha zisafishwe. Kila jina lililomo katika kanda na katika jedwali la mtambo liwe na mwenyewe anayejulikana, na kustaafishwa kwa seva kusihesabiwe kumekamilika hadi jina lake liondolewe.

Tano, jina linalotokea mara mbili lichukuliwe kuwa tukio la usalama. Baadhi ya swichi humwachia msimamizi achague kama poti ya kwanza ibaki au ya pili ichukue nafasi. Chochote kitakachochaguliwa, tukio lenyewe liandikwe na lichunguzwe. Wakati huohuo, njia ya kuzisimamia swichi na mtambo ilindwe kwa dhati, kwa kuwa anayeweza kuliandika upya jedwali hana haja ya kughushi jina.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba WWN inaifanya vizuri kazi iliyoundiwa, yaani kukipa kila kifaa jina lisilogongana na jingine na lisilopotea mashine inapozimwa. Kosa huanza pale jina hilo linapopewa kazi ya kuthibitisha, ambayo halikuundiwa. Kukua kwa matumizi ya mashine pepe kumeliongeza pengo hilo, kwa kuwa jina lililokuwa gumu kubadilika sasa hubadilishwa kila siku kwa sababu halali.

Kwa nchi zetu suala hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data, zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde ipasavyo. Mkaguzi anayetaka kujua kama sharti hilo limetimizwa katika mtandao wa hifadhi anaweza kuanza na swali moja: seva mbili zikijitambulisha kwa jina moja, mtandao utajuaje ipi ni ya kweli? Ikiwa jibu ni kwamba hautajua, basi taarifa zilizomo humo zinalindwa na matumaini kwamba hakuna atakayejaribu.